Kuzalisha na Kutunza Mwasumini katika Vyungu

Katika miji ya pwani, kama Lamu, Mombasa na Unguja, hapana haja ya kumweleza mtu asumini ni nini. Ndiyo itungwayo katika vikuba, ndiyo itawanywayo kitandani mwa maarusi, na harufu yake huenea jioni, ua linapofunguka. Asili ya mti wake ni Bara Hindi na nchi zilizo karibu nayo, na wataalamu wa mimea huuita Jasminum sambac. Ni mti mdogo wenye majani mabichi mwaka mzima, nao hukubali kukaa katika chungu.

Kabla ya yote, yakupasa kujua jambo moja. Si kawaida ya mwasumini huu kuzaa mbegu. Ua hufunguka usiku, kisha hugeuka rangi na kuanguka pasipo kuacha tunda. Basi kila mwasumini uuonao leo ulikuwa tawi la mwingine uliotangulia. Ukifa kabla hujauzalisha, hutapata cha kuokota chini yake. Kwa sababu hiyo, mwenye mwasumini mmoja tu hana mwasumini wa kutegemea. Awe nao miwili au mitatu.

1. Chungu na udongo

Chungu cha udongo wa kufinyangwa ndicho bora. Debe au ndoo kuukuu pia yafaa, ila ni lazima itobolewe matundu chini. Upana wa inchi 12 watosha mti uliokwisha kukua. Funika matundu kwa vigae, ili maji yapite na udongo usitoke.

Changanya udongo mzuri sehemu 2, mbolea ya majani yaliyooza sehemu 1, na mchanga wa mtoni sehemu 1. Usitumie mchanga wa pwani ya bahari, kwa maana una chumvi. Udongo wa penye mawe ya matumbawe nao haufai sana: una chokaa nyingi, na chokaa huizuia mizizi isipate madini ya chuma. Hapo majani machanga hugeuka manjano, na mishipa yake ikabaki ya kijani. Ukiona hivyo, badili udongo, na ukiweza mwagilia maji ya mvua badala ya maji ya kisima.

2. Jua na maji

Weka chungu mahali pa jua kwa nusu ya siku au zaidi. Mwasumini wa kivulini hutoa majani mengi na maua machache.

Wengi huuua mwasumini kwa kuupenda. Huutilia maji asubuhi na jioni, udongo ukawa tope, mizizi ikaoza kwa kukosa hewa. Majani ya chini hugeuka manjano na kuanguka. Mwenyewe hudhani ni kiu, naye huzidisha maji. Usifanye hivyo. Tia kidole katika udongo kadiri ya inchi moja: kikitoka na unyevu, ngoja, kikitoka kikavu, mwagilia hata maji yatoke chini, kisha uache. Wakati wa joto huenda ukahitaji maji kila siku. Wakati wa kipupwe siku kadhaa huweza kupita. Chungu kisisimame ndani ya maji.

3. Kukata matawi

Maua hutoka katika ncha za machipukizi mapya. Basi usiogope kukata. Maua yakiisha, punguza matawi kadiri ya theluthi moja, kisha tia mbolea kidogo iliyooza vema. Samadi mbichi huunguza mizizi, na mbolea nyingi mno huleta majani bila maua.

4. Kuzalisha kwa vipandikizi

Wakati mzuri ni mwanzo wa masika, hewa inapokuwa na joto na unyevu. Chagua tawi lisilo na maua, lililoanza kukomaa lakini halijawa gumu kama kuni. Kata kipande cha inchi 4 hadi 6, chini kidogo ya kifundo. Ondoa majani yote isipokuwa mawili au manne ya juu. Chomeka nusu yake katika mchanga uliochanganywa na mbolea ya majani, nyunyiza maji, kisha funika kwa mtungi wa kioo au mfuko mwangavu. Weka kivulini, na kila siku fungua kidogo ipite hewa. Mizizi hutoka baada ya majuma 4 hadi 6. Usivute kipandikizi ili kutazama; majani mapya ndiyo dalili. Chomeka vitano au sita, kwa kuwa haviponi vyote.

5. Kuzalisha kwa kulaza tawi

Njia hii ina salama zaidi, kwa kuwa tawi huendelea kulishwa na mama yake. Sogeza chungu kidogo chenye udongo karibu na mti. Chukua tawi refu la chini, kwangua gome kidogo upande wa chini wa kifundo, lilaze juu ya udongo, na ulibane kwa waya uliopindwa. Fukia inchi 2, ncha ya tawi ikitazama juu. Udongo usikauke. Baada ya miezi 2 au 3 livute polepole: likishika, limekwisha kutoa mizizi. Likate na mama yake, uliache hapo hapo majuma mawili, kisha ulihamishe.

6. Wadudu

Tazama chini ya majani. Ukiona wadudu weupe kama pamba, au magamba madogo, yafute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kisha suuza. Rudia kila juma hata waishe.

Ikiwa uani kwenu umesimama mwasumini wa bibi yako, na nyumba yaelekea kuuzwa au kuvunjwa, usingoje siku ya kuhama. Laza tawi moja sasa. Mti mkubwa haubebeki kwa urahisi, bali chungu kimoja hubebwa mkononi.