Mfugaji anaandika ‘kuku kupinda shingo’, tovuti yako inasema ‘Newcastle’

Dar es Salaam. Chukulia kuna kijana Kibaha anauza vifaranga, chakula na chanjo za kuku. Amelipa fundi akamtengenezea tovuti, kisha akaandika mwenyewe makala ndefu yenye kichwa “Udhibiti wa Ugonjwa wa Newcastle kwa Ndege Wafugwao”. Kila kilichomo ni sahihi. Miezi mitatu baadaye wasomaji wake ni yeye, fundi wa tovuti na ndugu wawili aliowatumia linki WhatsApp.

Singida nako kuna mama ana kuku 40. Asubuhi hii wanne wamelala, shingo zimepinda, wengine wanaharisha kijani. Anashika simu na kufungua Google. Haandiki Newcastle, pengine hata jina hilo halijui. Anaandika “kuku kupinda shingo”, au “kuku wanaharisha kijani dawa yake nini”. Akiwa mzoefu ataandika “mdondo”, na mwenzake wa mkoa mwingine ataandika “kideri”. Ugonjwa ni uleule mmoja.

Hawa wawili wanahitajiana, lakini hawatakutana kwa sababu ya maneno tu. Hapo ndipo zana ya kutafiti maneno inapoingia. Hii ni programu inayokuonyesha watu wanaandika nini hasa kwenye Google, ili ukurasa wako utumie maneno yao badala ya yale uliyokariri chuoni. Wanaojifunza SEO, yaani kazi ya kuifanya tovuti ionekane mtu anapotafuta kitu, huanzia hapa.

Ya kuanzia ni ya bure

Zana zipo nyingi. Ahrefs na Semrush ndizo zinazotajwa sana na wataalamu, lakini hulipiwa kwa dola kila mwezi na zimetengenezwa kwa watu ambao SEO ndiyo ajira yao. Mtu mwenye kurasa kumi kwenye tovuti yake hana haja ya kuanza na gharama hiyo. Keyword Planner ya Google inamtosha. Imekuwepo tangu 2013 na haina malipo.

Jambo moja tu la kuweka kichwani: inakaa ndani ya Google Ads, sehemu ambayo kampuni hununulia matangazo. Ilitengenezwa kwa mnunuzi wa tangazo, siyo kwa mwandishi wa makala. Ukilisahau hilo, nusu ya unachokiona kitakuchanganya.

Kwa sababu hiyohiyo, ukifungua akaunti Google itakusukuma utengeneze tangazo na kuweka kadi ya benki. Tafuta chaguo la kuruka hatua hiyo au kufungua akaunti bila kampeni. Mpangilio wa kurasa hizi hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo usishangae kama video ya miaka miwili iliyopita haifanani na unachokiona. Ikibidi kutengeneza kampeni ili upite, isimamishe papo hapo, la sivyo hela itaanza kukatwa kimyakimya. Na kama unaweza, azima kompyuta kwa kazi hii. Kwenye simu inawezekana, ila jedwali lake ni pana na utachoka kulivuta kushoto na kulia.

Ukishaingia, nenda kwenye zana, chagua Keyword Planner, halafu “Discover new keywords”. Kabla hujaandika chochote, angalia juu: nchi iwe Tanzania na lugha iwe zote. Wengi huruka hapa, wanaachiwa takwimu za nchi nyingine au za Kiingereza peke yake, kisha wanahitimisha kwamba Watanzania hawatafuti kitu mtandaoni.

Kiswahili kinabadilika mbele ya neno

Anza na maneno mafupi: kuku, vifaranga, mdondo, kideri, chanjo ya kuku. Zana italeta orodha ya maneno yanayofanana na hayo. Usitegemee ikufanyie kila kitu.

Kwenye Kiingereza wingi wa neno mara nyingi ni herufi moja mwishoni, na Google ina uzoefu mkubwa wa kuyaunganisha maneno ya namna hiyo. Kiswahili hugeuza mwanzo wa neno. Kifaranga na vifaranga, banda na mabanda, ugonjwa na magonjwa. Vitenzi ndiyo balaa zaidi: kufuga, nafuga, ufugaji, mfugaji, “jinsi ya kufuga”, “namna ya kufuga”, “nataka kuanza kufuga”. Kwa mtu, yote hayo ni mazungumzo ya jambo moja. Kwa zana, kila moja linaweza kuwa na mstari wake na namba yake.

Kwa hiyo muuza vifaranga wa Kibaha aingize maumbo yote anayoyajua. Aongeze na majina ya mtaani. Wapo wanaoandika “kuku wa nyama” na wapo wanaoandika “broila”. Wapo wanaoandika “kuku chotara” na wapo wanaotaja moja kwa moja Sasso au Kuroiler. Mahali pazuri pa kuyapata maneno haya ni ujumbe wa WhatsApp ambao wateja wamemtumia tayari. Mteja anayeuliza “una vifaranga wa siku moja?” ameshampa kichwa cha ukurasa.

Safu inayodanganya wengi

Orodha ikishatoka, kila neno litakuwa na makadirio ya mara ngapi linatafutwa kwa mwezi. Asiyelipia matangazo huwa haoni namba kamili, anaona masafa tu: 10 hadi 100, 100 hadi 1,000, 1,000 hadi 10,000. Ni mapana mno. Neno linalotafutwa mara 120 na linalotafutwa mara 900 yatakaa kapu moja. Yatumie kujua lipi kubwa na lipi dogo, basi. Anayekaa kupiga hesabu za mauzo kwa masafa hayo anajidanganya.

Pembeni kuna safu ya ushindani, ikiandikwa mdogo, wa kati au mkubwa. Hapa ndipo anayeanza hupotea. Anaona “mkubwa”, anadhani tovuti nyingi zinagombea neno hilo, analiacha. Sivyo. Safu hiyo hupima idadi ya wanaonunua matangazo kwa neno hilo. Haisemi lolote kuhusu ugumu wa kuonekana kwenye matokeo ya kawaida, yale yasiyolipiwa. Neno lenye ushindani “mdogo” linaweza kuwa limeshikwa na tovuti imara ambazo hazitoki kirahisi, na lenye ushindani “mkubwa” likawa wazi kabisa kwa Kiswahili.

Ugumu halisi unaangaliwa kwa njia ya kizamani. Andika neno hilo Google, soma ukurasa wa kwanza. Je, majibu yanajibu swali? Yameandikwa kwa Kiswahili? Ukikuta PDF ya mradi uliokwisha zamani, video mbili na makala ya kuku wa nchi nyingine, nafasi ipo.

Safu nyingine yenye maana ni ile ya bei ambayo watangazaji hulipa ili wakae juu. Bei ikiwa kubwa, ujue kuna watu wanaingiza hela kupitia neno hilo. “Bei ya vifaranga” ni neno la mtu mwenye pochi mkononi. “Kuku kupinda shingo” ni la mtu mwenye shida, ambaye leo hanunui vifaranga ila atamkumbuka aliyemsaidia. Ukurasa wa kwanza uwe na bei, eneo na namba ya simu, wa pili uwe na maelezo. Ukichanganya vyote kwenye ukurasa mmoja, kila msomaji atakuta nusu ya alichotaka.

Ukiona dashi, usikate tamaa

Maneno marefu ya Kiswahili mara nyingi hutoka na masafa madogo kabisa, au dashi tupu. “Kuku wanaharisha kijani dawa yake nini” inaweza isionekane popote. Maana yake siyo kwamba hakuna anayeuliza. Maana yake ni kwamba maneno yale, kwa mpangilio uleule, hayajafikia kiasi ambacho zana inakionyesha. Google yenyewe imewahi kusema kwamba asilimia 15 ya yanayotafutwa kila siku ni maneno ambayo haijawahi kuyaona. Watu huuliza jambo moja kwa namna mia.

Hapo msaada unatoka kwenye kisanduku chenyewe cha Google. Fungua dirisha la faragha ili historia yako isiingilie, andika “kuku” kisha acha nafasi na uone Google inapendekeza nini. Ongeza herufi a, halafu b, halafu ch. Mapendekezo hayo hutokana na yanayotafutwa na watu. Ni kazi ya dakika ishirini na hailipiwi, lakini ajabu ni kwamba wengi wanairuka wakakimbilia kununua “orodha za keywords” kwa watu wa mtandaoni.

Google Trends nayo inafaa kwa swali moja: kati ya maneno mawili, lipi linatumika zaidi na wapi? Weka “mdondo” na “kideri”, chagua Tanzania. Namba zake ni 0 hadi 100 na hazihesabu watu. Mia ni kilele cha kipindi ulichochagua, vingine vinapimwa kwa hicho. Kwa maneno yanayotafutwa kidogo, grafu itarukaruka au haitatoka kabisa, na hapo usilazimishe jibu. Andika majina yote mawili kwenye makala, liache lile la mjini likae kwenye kichwa au lile la kijijini, kulingana na mahali wateja wako walipo. Trends pia inaweza kukuonyesha utafutaji wa YouTube peke yake, jambo zuri kwa somo kama ufugaji ambalo watu hupenda kulitazama kuliko kulisoma.

Neno linasema dawa, ukweli unasema chanjo

Sasa kuna “dawa ya mdondo”. Ni neno ambalo muuza bidhaa za kuku atatamani kulitumia. Tatizo ni kwamba mdondo unasababishwa na virusi na hauna tiba. Antibayotiki haiuui. Kinachofanya kazi ni chanjo kabla ugonjwa haujaingia, ikiwemo ile ya matone ya I-2 inayodondoshwa jichoni na kurudiwa kila baada ya miezi michache.

Mwenye tovuti ana njia tatu. Aliache neno kwa sababu si sahihi, na mama wa Singida aangukie kwa mwingine. Aandike “Hii hapa dawa ya mdondo” auze antibayotiki, apate wasomaji na hela ya wiki moja, huku kuku wakiendelea kufa. Au aandike kichwa “Dawa ya mdondo (kideri) ipo?” na sentensi ya kwanza kabisa iseme haipo, kisha aeleze kuwatenga wagonjwa, kufukia mizoga, kumwita mtaalamu wa mifugo na ratiba ya chanjo kwa kundi lijalo. Neno la mteja limetumika, na hakuna aliyedanganywa. Zana haitakuchagulia kati ya hizo tatu, inahesabu tu yaliyoandikwa.

Tahadhari kwa wenye pupa: usilirudie neno kila mstari. Google huhesabu mrundikano wa maneno kuwa udanganyifu. Pia fundi akikwambia anajaza maneno kwenye sehemu iliyofichwa ya ukurasa ili upande, mkumbushe kwamba Google ilitangaza mwaka 2009 kuwa haiitumii sehemu hiyo kupanga matokeo. Neno likae kwenye kichwa, kwenye aya ya kwanza, na popote linapokuja lenyewe.

Baada ya ukurasa kwenda hewani, sajili tovuti kwenye Google Search Console, nayo ni bure. Hii ndiyo inayokupa takwimu zako mwenyewe: maneno yaliyofanya ukurasa wako utokee, mara ngapi umeonekana, wangapi wamebofya na ulikuwa nafasi ya ngapi. Inatunza kumbukumbu za miezi 16. Baadhi ya maneno adimu hufichwa kwa ajili ya faragha, lakini yanayobaki yanatosha. Yapange kwa kuonekana, anzia yenye kuonekana kwingi na mibofyo michache. Kijana wa Kibaha akikuta humo “kuku kukoroma usiku” imetokea mara nyingi, nafasi ya 30, na hana ukurasa hata mmoja unaozungumzia kuku kukoroma, ameshajua makala ya wiki ijayo.