Kushindwa Nako Kuna Haki Yake

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hii huambiwa aliyeshindwa. Leo tumgeukie mwenye kuendesha mashindano.

Kizimkazi, katika resi za ngalawa, nahodha aliyeshindwa hurudi kwake bila kinyongo, kwani tanga la mwenziwe ameliona kwa macho yake likitangulia.

Siasa nayo ina resi zake. Julai 2015, mjini Dodoma, Kamati Kuu ya CCM ilichuja waomba urais, ikabakiza watano. Edward Lowassa, Waziri Mkuu wa zamani, aliachwa kabla wajumbe wa vikao vikubwa hawajapiga kura. Wajumbe watatu wa Kamati Kuu yenyewe walijitenga hadharani na uamuzi huo. Lowassa aliulalamikia utaratibu, akahamia CHADEMA, na Oktoba akapata kura zaidi ya milioni 6.

Balozi Amina Salum Ali wa Zanzibar naye alishindwa, lakini kwa kura za Mkutano Mkuu: yeye 253, John Magufuli 2,104. Hesabu ilitangazwa mbele ya wote. Alibaki chamani, na mwaka 2016 akawa waziri Zanzibar. Mgombea mwenza alikuwa Samia Suluhu Hassan, mzaliwa wa Kizimkazi.

Chama kina haki ya kuchuja. Lakini anayechujwa ana haki ya kusikilizwa na kuelezwa sababu. Ukimtaka mtu akubali kushindwa, kwanza mwoneshe aliposhindwa.