Je, Wajua Njia Fupi ya Dubai hadi Los Angeles?

Mtu akiitazama ramani ya ukutani na kuulizwa njia fupi ya ndege kutoka Dubai hadi Los Angeles, aghalabu atavuta kidole upande wa magharibi, avuke Bara Arabu, Afrika ya Kaskazini na Bahari ya Atlantiki, kwa kuwa miji hiyo yaonekana imekaa karibu katika safu moja. Kumbe njia iliyo fupi kuliko zote huanza kwa kuelekea karibu kaskazini kamili, ikapita kiasi cha kilomita 600 tu kutoka Ncha ya Kaskazini, kisha ikateremka juu ya Kanada.

Sababu ni kwamba ramani huitandaza dunia juu ya karatasi, na atandazaye kitu cha mviringo hana budi kuvuta hapa na kufinya pale. Shika tufe la darasani, ukaze uzi baina ya miji hiyo miwili, utauona unateleza wenyewe kwenda kaskazini mpaka utulie. Hapo umepata kipande cha duara kuu, yaani duara ambalo kitovu chake ndicho kitovu cha dunia.

Hesabu yake haitishi. Dubai iko digrii 25.25 kaskazini, Los Angeles digrii 33.94 kaskazini, na longitudo zao zatofautiana kwa digrii 173.77. Zidisha sini za latitudo hizo mbili, upate 0.238, kisha zidisha kosini zake kwa kosini ya ile tofauti, upate hasi 0.746. Jumla ni hasi 0.508, nayo ni kosini ya pembe ya digrii 120.5. Kila digrii ina dakika 60, na dakika moja ni sawa na maili moja ya bahari, yaani mita 1,852. Basi masafa ni maili 7,230 za bahari, takriban kilomita 13,390. Na kwa kuwa dunia imevimba kidogo kwenye ikweta, kanuni aliyoitoa mtaalamu wa vipimo vya dunia, Vincenty, mwaka 1975, ambayo huuhesabu uvimbe huo, huyafikisha masafa hayo kilomita 13,420. Yule wa kidole angesafiri zaidi ya kilomita 16,500.

Wala elimu hii haikuzaliwa na ndege. Abu Rayhan al-Biruni, aliyezaliwa Khwarazm mwaka 973, alitunga kitabu kizima cha kubainisha mahali pa miji ili aijue kibla ya mji wa Ghazna, akakusanya masafa ya misafara na kuyapunguza kwa ajili ya mapindo ya njia. Hisabati ya kibla na ya rubani ni moja: ndiyo maana Mwislamu aliyeko New York, kwa hesabu hiyo, husali akielekea kaskazini-mashariki, ingawa Makka iko kusini zaidi ya mji wake.

Al-Biruni alipunguza, mpangaji wa safari za ndege hana budi kuongeza, maana upepo na anga zilizofungwa huipinda njia. Tangu mwaka 2022, ndege za Ulaya zilipozuiwa kupita juu ya Urusi, safari ya Helsinki hadi Tokyo, iliyokuwa ya saa tisa na nusu hivi, imekuwa ya saa kumi na tatu, ilhali masafa ya duara kuu baina ya miji hiyo ni yale yale, takriban kilomita 7,800.