Mabomba ya kuzimia moto: hatari iko kwenye majaribio

Mafundi wanaofunga mabomba ya kuzimia moto katika maghorofa yanayojengwa hujihadhari zaidi na kuanguka. Hatari nyingine hujitokeza siku ya kuyajaribu mabomba hayo.

Kiwango cha Marekani cha NFPA 13, kinachofuatwa katika nchi nyingi, kwa kawaida hutaka yajazwe maji kwa shinikizo la takriban bar 14, kwa saa 2. Mkandarasi anayeogopa kulowesha dari huweza kushawishika kutumia hewa kwa shinikizo hilo hilo. Ni kosa kubwa. Maji hayabanwi kwa urahisi, hivyo kiungo kikiachia, shinikizo hushuka mara moja. Hewa iliyobanwa hutanuka kwa kishindo na kurusha chuma kama risasi.

Ndiyo maana hewa yote sharti itolewe wakati wa kujaza maji, na kiungo kinachovuja kisikazwe kabla shinikizo halijashushwa.