Rubondo: vilima vilivyozingirwa na maji

Ukitoka Shinyanga ukapitia Kahama hadi Chato, kisha ukapanda boti Muganza, mlima unaoufuata utauona umesimama ziwani. Kisiwa cha Rubondo, hifadhi ya taifa tangu 1977, ni safu ya vilima mkoani Geita. Kilele chake, Masa, kina mita 1,486 juu ya usawa wa bahari, lakini juu ya Ziwa Victoria hazizidi 360. Theluji na lobelia tuwaachie Wachaga wa Kilimanjaro. Hapa ni misitu mizito.

Zaidi ya miaka 14,000 iliyopita ziwa lilikauka, na vilima hivi vilizungukwa na nchi kavu. Maji yaliporudi yakavitenga na bara. Ndiyo maana simba hakuna, chui hakuna. Nzohe, swala wa majimaji, ana kwato ndefu zinazotanuka asididimie kwenye tope, na kwingine hushinda mateteni; akikurupushwa huzama akabakiza pua. Rubondo amejiachia: utamkuta pakavu msituni, akila majani bila wasiwasi.

Sokwe ni habari nyingine, kwani kisiwani hawakuwapo. Kati ya 1966 na 1969 mtaalamu wa wanyama Bernhard Grzimek wa Frankfurt alileta 17, waliokuwa wamefugwa Ulaya, wengi kwenye bustani za wanyama. Wengi walikamatwa Afrika Magharibi wangali wadogo. Mtoto wa sokwe huchukua miaka kumtazama mama yake anavyosuka kiota na kuchagua chakula. Hawa walifunguliwa masanduku, basi. Baadhi walishambulia watu wakapigwa risasi. Waliobaki wakajifunzia huko huko msituni, wakazaliana, na leo idadi imezidi mara mbili. Ilikuwa bahati nasibu, na sioni mtaalamu wa leo akiirudia. Vifaru weusi walioletwa muongo huo huo hawakubahatika: majangili waliwamaliza.

Kwa maoni yangu, katika kunusurika kwa sokwe hao mbungo unastahili sifa nyingi. Ni mtambaa ule ule ambao matunda yake watu wa pwani wanakamulia juisi, na Rubondo umetanda juu ya miti. Sokwe hula tunda na mbegu zake, wakazisambaza kwa kinyesi. Mgeni anayewafuatilia na waongoza njia hupandisha na kushuka, akikanyaga maganda ya mabungo, viota vitupu vikiwa juu yake, na pengine asimwone sokwe hata mmoja.