Neno "sanamu" lisitufunge macho

Majuzi, katika mhadhara kuhusu maana za maneno, niliwauliza wanafunzi wangu wanachokijua kuhusu dini ya Warumi wa kale. Jibu lilitoka kwa pamoja: "Waliabudu sanamu." Nilipowataka waendelee, kimya kilitanda. Neno moja lilikuwa limefunga mjadala kabla haujaanza.

Sikushangaa. Neno "sanamu" tulilipokea kutoka Kiarabu, ambako "sanam" ni kitu kinachoabudiwa badala ya Mungu. Katika Kiswahili limepanuka, likabeba hata mchongo wa kiongozi uwanjani, lakini lawama yake ya asili haijaliacha. Kilatini kilikuwa na maneno zaidi. "Statua" kwa kawaida ilikuwa mfano wa binadamu. "Signum" na "simulacrum" yalitumiwa aghalabu kwa mifano ya miungu. Mpaka baina ya mtu na mungu ulichorwa katika lugha yenyewe.

Uzito wa mpaka huo ulidhihirika barabarani. Kabla ya michezo mikuu ya Roma, maandamano yaliyoitwa "pompa" yalianzia kilima cha Capitolium, yakapitia Forum hadi Circus Maximus, palipofanyika mashindano ya magari ya farasi. Vijana walitangulia, wakafuatwa na washindani, wachezaji ngoma na wanamuziki. Mifano ya miungu ilikuja mwisho, ikibebwa mabegani juu ya machela iliyoitwa "ferculum", jina litokanalo na kitenzi chenye maana ya kubeba, na ambalo liliita pia sinia la chakula. Alama takatifu za miungu zilisafirishwa katika magari maalumu yaliyoitwa "tensa". Mtoto mmoja, ambaye sharti wazazi wake wote wawili wawe hai, alishika hatamu. Akiiachia tu, sherehe ingeweza kurudiwa.

Mnamo mwaka wa 45 K.K., mfano wa Julius Caesar, naye angali hai, ulibebwa katika maandamano hayo pamoja na miungu. Cicero alimwandikia rafikiye Atticus akiwasifu watu kwa kutompigia makofi hata Victoria, mungu wa kike wa ushindi, kwa sababu ya jirani mbaya aliyeandamana naye. Baadaye, mwandishi Suetonius alizitaja "tensa" na "ferculum" alizopewa Caesar miongoni mwa heshima zilizompita binadamu.

Je, hawa ndio watu tunaodai kuwa waliinamia kila mchongo uliopitishwa mbele yao? Umati ule ulijua kusoma maandamano. Makofi yalikuwa lugha, na kuyazuia kulikuwa lugha pia, tena mbele ya mfano wa mtawala aliyeogopwa.

Pengine msomaji atadhani ninatetea ibada ya Warumi. La hasha. Kila mmoja wetu ana imani yake, na haihitaji kutikisika. Ninachotetea ni uchunguzi. Mwanafunzi anayeandika "waliabudu sanamu" kisha akapewa alama zote amefunzwa kuhukumu, hakufunzwa kuuliza: ulikuwa mfano wa nani, ulibebwa na nani, karibu na nani, na watazamaji walifanya nini?

Wahenga walinena kuwa asiyejua maana haambiwi maana. Mwalimu, hata hivyo, ameajiriwa kumwambia.