Dola 35 kwa mwezi: hesabu ya siku mbili za World Vision

Jumatatu, Machi 24, 2014, tawi la Marekani la World Vision, shirika la misaada la Kikristo, lilitangaza kwamba Mkristo aliyefunga ndoa ya jinsia moja angeweza kuajiriwa katika ofisi zake za huko. Jumatano, Machi 26, uamuzi ukafutwa na shirika likaomba radhi. Baadaye rais wake, Richard Stearns, alisema ufadhili wa watoto wapatao 10,000 ulikuwa umekatwa.

Kumfadhili mtoto wakati ule kuligharimu dola 35 kwa mwezi, yaani 420 kwa mwaka. Kwa watoto 10,000, hiyo ni dola milioni 4.2 kila mwaka. Tawi hilo lilikuwa likipata karibu dola bilioni 1 kwa mwaka, kwa hiyo kilichopotea hakikufika hata nusu ya asilimia moja. Watoto waliofadhiliwa kutoka Marekani walikuwa kama milioni 1.2, na walioachwa hawakufika mmoja katika kila mia. Sasa bodi iliogopa nini?

Yaelekea iliogopa waliokuwa bado hawajaondoka. Ndani ya ile bilioni mlikuwa na ruzuku za serikali, na pia dawa na bidhaa ambazo huandikwa vitabuni kwa thamani yake ingawa haziwezi kulipa mshahara wa mtu wala kuchimba kisima. Lakini watoto milioni 1.2 kwa dola 420 ni kama dola milioni 504, nusu ya mapato yote, na hiyo ilikuwa fedha taslimu iliyotoka nyumba kwa nyumba, kwa waumini ambao wengi wao walikuwa Wakristo wa kiinjili. Hao huwasikiliza viongozi wao. Mhubiri Franklin Graham aliulaani uamuzi ule hadharani. George Wood, kiongozi wa Assemblies of God nchini humo, aliwahimiza waumini wahamishie michango yao hatua kwa hatua kwenye mashirika mengine. Kama mfadhili mmoja tu katika kila kumi angemtii, watoto 120,000 wangeachwa, na dola milioni 50.4 zingekatika kila mwaka.

Pengo kama hilo huonekana mbali sana na Marekani. World Vision inafanya kazi Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo, na huku kwetu wapo watu wazima waliowahi kuwa watoto wa ufadhili, waliopigwa picha na kuandika barua kwa mtu wasiyemjua. Fedha za mfadhili hazikabidhiwi mtoto mkononi. Huchanganywa na za wenzake katika mradi wa eneo zima: maji, darasa, zahanati, kwa miaka mingi mfululizo. Mfadhili mmoja akijitoa, mradi haufungwi kesho yake. Wakijitoa wengi kwa mara moja, mipango ya miaka inayumba.

Sera yenyewe ilihusu ofisi za Marekani peke yake, zenye wafanyakazi kama 1,100, ilhali waliokatiwa ufadhili ni watoto walio mbali. Hapa ndipo moyo wangu unapokataa. Muumini ana haki ya kuchagua sadaka yake iende wapi, na ana haki ya kulipinga shirika linalokwenda kinyume na imani yake. Ila ahadi kwa mtoto mwenye jina na picha ni deni, na mtoto yule hakuketi kwenye bodi yoyote. Wala wafanyakazi walioambiwa Jumatatu kwamba wanapokewa, kisha Jumatano wakafungiwa mlango, hawaonekani katika hesabu yoyote ya dola. Mjumbe mmoja wa bodi, Jacquelline Fuller wa Google, alijiuzulu.

Gharama haikuishia mwaka 2014. Mwaka 2021 shirika lilimpa mwanamke mmoja kazi ya kuhudumia wafadhili kwa simu, kisha likamnyima nafasi hiyo baada ya kujua ameolewa na mwanamke mwenzake. Mwaka 2023 mahakama ya shirikisho katika jimbo la Washington ilimpa ushindi, na fidia ikawekwa dola 120,000, karibu sawa na ufadhili wa mwaka mzima kwa watoto 285 kwa bei ya 2014. Agosti 2025 mahakama ya rufaa ikaitengua hukumu hiyo: ilisema wapokea simu hao hulisemea shirika kwa wafadhili na kusali pamoja nao, hivyo kazi yao ni huduma ya kidini.